Taa za LED za volti 12 kwenye boti zinapepesa, zinaungua na nyingine hazizimiki: tuanze kutafuta ubovu wapi?

Mwenye boti, Tanga

Ndugu zangu, naomba mnisaidie kutafuta ubovu wa taa. Boti yangu ni ya fiber, ina urefu wa karibu mita nane, inatumia injini ya nje inayowashwa kwa umeme, na umeme wake wote ni wa volti 12 kutoka kwenye betri moja ya risasi na asidi. Taa zote ni za LED: nyekundu na kijani omoni, nyeupe ya kuonekana pande zote juu ya mlingoti mfupi, nne za kumulika sitaha, na utepe wa LED ndani ya kibanda.

Matatizo ni matatu. Taa ya mlingotini hupepesa boti inapotikisika, na huzimika kabisa pampu ya kutoa maji ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, ambako maji hukusanyika) inapoanza kufanya kazi, kisha hurudi pampu ikisimama. Taa mbili za sitaha zimeungua, na mojawapo ilikuwa mpya. Utepe wa kibandani nao, hata nikizima swichi, hubaki na mwanga hafifu ambao usiku unaonekana wazi.

Nimepima kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Betri ina volti 12.6. Nimechomoa taa ya mlingotini nikapima kwenye nyaya zake mbili, nikapata volti 12.5. Kwa kuwa umeme unafika, muuzaji wa vifaa ameniambia kwamba taa ndizo mbovu na kwamba ninunue za bei kubwa zaidi. Kabla sijatoa fedha ningependa kusikia kutoka kwenu, kwa sababu mimi hutoka usiku, na taa ya mlingoti ndiyo inayomwambia nahodha wa chombo kingine kwamba nipo.

Fundi umeme wa boti, Dar es Salaam

Ndugu, usinunue taa bado. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yanaonyesha matatizo matatu tofauti ambayo yamekutana kwenye boti moja. Ukibadilisha taa zote leo, huenda mawili kati ya hayo yakabaki palepale, na la tatu likaunguza taa mpya.

Nianze na kipimo cha volti 12.5, kwa sababu hicho ndicho kinachowapoteza watu wengi. Multimita ya kisasa ikipima volti huvuta mkondo mdogo sana, kwani ukinzani wake wa ndani, yaani kiasi unachozuia mkondo kupita, kwa kawaida ni kama megaomu 10. Kwa hiyo ukichomoa taa na kupima nyaya zilizo wazi, hata kama kiungo kimeliwa na chumvi na kimebaki na uzi mmoja wa shaba unaogusana, multimita itakuonyesha karibu volti zote za betri. Volti hupotea kwenye kiungo kibovu pale tu mkondo unapopita. Kipimo kilichochukuliwa bila mzigo kinathibitisha kwamba waya haujakatika kabisa, na hakithibitishi chochote zaidi ya hapo.

Taa za LED zenyewe zimeongeza ugumu huu. Zamani taa ya mlingoti ilikuwa na balbu ya waya inayovuta ampea moja au mbili, na kiungo kikianza kuharibika nahodha aliona mwanga ukigeuka wa rangi ya chungwa, akajua mapema. Taa ya LED ya kazi hiyohiyo huvuta sehemu ndogo tu ya ampea, tena nyingi zina saketi ndani inayolinda mwanga usibadilike volti zinaposhuka. Huwaka vizuri juu ya kiungo kibovu hadi volti zifike chini ya kiwango chake, mara nyingi karibu na volti 10, kisha huzimika ghafla. Ndiyo maana watu hudhani taa imekufa.

Fanya hivi. Tafuta balbu ya breki ya gari ya volti 12 na wati 21, uiunganishie nyaya mbili fupi. Balbu hiyo huvuta karibu ampea 1.75, mkondo unaotosha kufichua kiungo kibovu bila kudhuru waya. Iunganishe mlingotini badala ya taa ya LED, washa swichi, na pima wakati balbu inawaka. Kwanza pima betri yenyewe, ncha za multimita zikiwa juu ya vichwa vya betri na si juu ya klipu. Pili pima kwenye nyaya za balbu. Kisha kuna vipimo viwili ambavyo mafundi wengi huviruka, nami naviona kuwa ndiyo kazi yote: weka ncha moja kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye waya wa chanya wa balbu, usome volti zilizopotea njiani, halafu fanya vivyo hivyo upande wa hasi. Utahitaji waya mrefu wa kuongezea ncha ili ufike betri hadi mlingoti.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban miliomu 12 kwa kila mita. Kama kutoka betri hadi mlingoti ni mita nane, upande mmoja unapaswa kuwa na karibu omu 0.1, na kwa balbu hiyo utapoteza volti 0.2 au chini kidogo. Ukiona zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, urefu wa waya hauhusiki. Tafuta kiungo, swichi, fyuzi au mahali waya ulipoingiwa na maji.

Kwa taa za sitaha, pima volti za betri injini ikiwa inazunguka, polepole kwanza, kisha kwa kasi unayotembea nayo. Kwa utepe wa kibandani, chomoa waya mmoja kwenye swichi usiku na utazame kama mwanga hafifu unakwisha.

Kabla ya yote hayo fungua kibanda na mahali pa tangi ili mvuke wa petroli utoke. Cheche moja kwenye kichwa cha betri inatosha kuleta msiba.

Mwenye boti, Tanga

Nashukuru sana, fundi. Nimepima kama ulivyoelekeza, na majibu ni haya.

Balbu ya wati 21 ikiwa mlingotini, betri ilisoma volti 12.4 na kwenye nyaya za balbu nikapata volti 9.0. Upande wa chanya zilipotea volti 0.3. Upande wa hasi zilipotea volti 3.1. Nilipowasha na pampu ya ngama, balbu ilififia mno. Nikakumbuka pia kwamba siku hizi pampu yenyewe inasukuma maji kwa unyonge, jambo ambalo nililihesabu kuwa ni uchakavu wa pampu.

Injini ikizunguka polepole betri husoma volti 13.6. Nikiongeza kasi hufika volti 15.4, na nikiendelea kuongeza huendelea kupanda. Nilipochomoa waya kwenye swichi ya kibandani, mwanga hafifu ulikwisha palepale.

Fundi umeme wa boti, Dar es Salaam

Sasa tunazungumza juu ya vipimo, na vipimo vyako vinajieleza. Volti 9.0 ulizopata kwenye balbu, ukijumlisha 0.3 za chanya na 3.1 za hasi, unapata 12.4 za betri. Hesabu ikifunga hivyo, ujue umepima sawasawa na hakuna kilichojificha.

Ubovu wa kwanza uko kwenye njia ya hasi. Kwa mkondo wa ampea moja na nusu hivi, kupoteza volti 3.1 kuna maana ya ukinzani wa karibu omu 2 mahali ambapo panapaswa kuwa na omu 0.1. Taa ya LED peke yake haisumbuliwi sana na omu 2, kwani kwa ampea 0.2 hupoteza volti 0.4 tu. Lakini pampu ya ngama inapitisha mkondo wake mkubwa kwenye kiungo hichohicho cha hasi, na inapoanza, volti za taa zinashuka chini ya kiwango na taa inazimika. Ndiyo sababu swichi na fyuzi za upande wa chanya, ambazo kila mtu huzikagua kwanza, zimeonekana nzima.

Naomba jambo hili ulichukue kwa uzito mkubwa kuliko taa. Pampu yako haipati volti zake. Siku boti itakapoingiwa na maji kwa wingi, pampu itafanya kazi kwa nusu ya nguvu yake, na mkondo mkubwa ukipita kwenye kiungo kibovu hukitia joto hadi plastiki iliyo jirani iyeyuke. Taa iliyozimika imekupa onyo la jambo ambalo ungeligundua katika saa mbaya zaidi. Kwa maoni yangu boti isitoke hata mchana hadi njia hiyo ya hasi itengenezwe.

Anzia kwenye betri na ufuate waya wa hasi kuelekea mlingotini, ukipima hatua kwa hatua balbu ikiwa inawaka. Mahali ambapo kipimo kinaruka kutoka sehemu ndogo ya volti hadi volti tatu ndipo penye ubovu. Mara nyingi utakuta nyaya kadhaa za hasi zimesokotwa pamoja na kufungwa tepu nyeusi, karibu na ngama. Tepu hiyo baharini ni adui, kwa sababu maji ya chumvi huingia na hayatoki. Ukiifungua utaona unga wa kijani.

Kata waya hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Ikiwa umekata kipande kirefu na shaba bado ni nyeusi ndani ya plastiki, waya wote umekwisha, uuondoe. Weka waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, na ukiweza kupata ule ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati, lipa bei yake bila kusita. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene hukatika kwa mtikisiko. Kila kifaa kiwe na waya wake wa hasi unaokwenda kwenye kipande kimoja cha shaba chenye skrubu, kikiwa juu, mbali na ngama, na kutoka hapo waya mmoja mnene uende betri. Viungo vibanwe kwa koleo maalumu ya kubania, kisha vifunikwe kwa mpira wenye gundi ndani unaosinyaa kwa joto. Kulehemu kwa risasi peke yake sikushauri, kwa kuwa risasi hupanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu, na hukatika pale risasi inapoishia.

Tahadhari moja kuhusu silikoni. Ile inayonuka siki wakati inakauka hutoa asidi inayokula shaba. Nimekuta viungo vilivyofunikwa nayo kwa nia njema vikiwa vimeliwa kuliko vile vilivyoachwa wazi.

Ubovu wa pili ni volti 15.4 zinazopanda na kasi. Injini nyingi ndogo za nje zina kigeuzi kinachobadili umeme wa koili kuwa wa njia moja, lakini hazina kidhibiti cha kuzuia volti zisipande. Betri nzima hunyonya ziada hiyo kama sifongo, na betri iliyochoka haiwezi. Kagua kwanza umri wa betri na ubora wa viungo vyake, kwa maana kiungo kilicholegea kwenye kichwa cha betri huiacha koili isukume umeme wake moja kwa moja kwenye taa.

Kwa nini taa ziungue kwa ongezeko linaloonekana dogo? Taa nyingi za bei nafuu zina LED tatu nyeupe zilizopangwa kwa mfululizo pamoja na kizuizi kimoja (rezista) cha kupunguza mkondo. LED hizo tatu huchukua karibu volti 9. Kwa volti 12, kizuizi hubakiwa na volti 3, na mkondo umepangwa kwa hizo. Kwa volti 15, LED zinachukua zilezile 9, na kizuizi kinabakiwa na volti 6. Volti za betri zimeongezeka kwa robo tu, lakini mkondo ndani ya LED umekuwa maradufu, na joto limepanda pamoja nao. Nunua taa zilizoandikwa kwamba zinafanya kazi kati ya volti 10 na 30, maana hizo zina saketi ya kudhibiti mkondo. Hata hivyo taa nzuri haiponyi betri, kwa sababu kuchajiwa kwa volti zaidi ya 15 kunachemsha maji ya betri. Muulize fundi wa injini kama aina yako inakubali kufungiwa kidhibiti.

Kuhusu utepe, swichi ndiyo inayovujisha. LED huwaka kwa mkondo mdogo mno, hata wa sehemu ya miliampea, ambao balbu ya zamani isingeutambua. Ama swichi ina unyevu wa chumvi ndani, ama ni swichi yenye kitaa chake kinachopitisha mkondo kupitia utepe. Ukiona chumvi, ibadilishe.

Mvuvi wa dagaa, Mwanza

Shikamooni. Nimefuatilia kwa makini, kwani nasi tunatumia taa za LED za kuvutia dagaa Ziwa Victoria. Maji yetu hayana chumvi, lakini taa zetu huanza kupepesa kuelekea alfajiri, nasi tumekuwa tukilaumu nyaya. Je, nako ni viungo?

Fundi umeme wa boti, Dar es Salaam

Marahaba, ndugu. Viungo vyaweza kuchangia, ila wakati wenyewe, kuelekea alfajiri, unanifanya nishuku betri kwanza. Taa yenye saketi ya kudhibiti hutaka nguvu ileile muda wote, hivyo volti zikishuka huvuta mkondo zaidi, na betri iliyokaribia kwisha huanguka haraka. Saketi hujizima, betri ikapumzika na volti zikapanda kidogo, taa ikawaka tena, na mzunguko huo ndio unaouona kama kupepesa. Pima betri taa zikiwa zinapepesa. Ukisoma chini ya volti 11, nyaya hazina kosa. Betri ya risasi na asidi iliyopumzika ikisoma volti 12.2 imebakiwa na nusu hivi ya umeme wake, na kuitumia chini ya hapo kila usiku kunaifupisha maisha.

Nahodha, Mombasa

Naomba kuongeza mambo mawili ya upande wa nahodha, kwa kuwa mwenzetu yuko karibu kununua taa mpya.

La kwanza ni redio. Saketi iliyo ndani ya taa ya LED hukata na kuunganisha umeme kwa kasi kubwa sana, na ikiwa imetengenezwa ovyo hutoa mawimbi yanayoziba masafa ya VHF, yale ya redio ya boti. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari juu ya jambo hili mwezi Agosti 2018, baada ya kupokea taarifa za mabaharia ambao redio na mitambo yao ya AIS (inayoonyesha vyombo vingine vilivyo jirani) ilishindwa kupokea vizuri wakati taa za LED zinawaka. Kipimo ni rahisi. Zima taa zote, weka redio kwenye chaneli tulivu, punguza kitufe cha kuzuia kelele mpaka usikie mvumo, kisha kiongeze mpaka mvumo uishe tu, usizidishe. Sasa washa taa moja baada ya nyingine. Taa itakayorudisha mvumo ndiyo inayokuziba masikio kwenye chaneli ya 16, ile ya wito na dharura, na taa ya mlingoti iliyo jirani na antena ndiyo ya kuanza nayo.

La pili ni rangi. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinaruhusu chombo cha injini chenye urefu chini ya mita 12 kuwasha taa moja nyeupe ya pande zote pamoja na taa za ubavuni, nyekundu kushoto na kijani kulia. Nyeupe inatakiwa ionekane maili 2 za baharini, na za ubavuni maili 1. Ukichomoa balbu ya zamani ukaweka LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu, nyekundu hufifia, kwa sababu mwanga mweupe wa LED una wekundu mchache, na kijani huweza kuelekea samawati. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, na nyuma ya kijani weka ya kijani. Au nunua taa kamili iliyothibitishwa kwa kazi hiyo. Nahodha wa meli anayekuona kwa mbali huamua upande wa kupita kwa kutazama rangi hizo peke yake.

Mwenye boti, Tanga

Wakuu, kazi imefanyika. Njia ya hasi ilikuwa na fundo la nyaya nne chini ya sakafu ya kibanda, limefungwa tepu, na ndani yake shaba ilikuwa unga wa kijani kama fundi alivyosema. Nimeweka kipande cha shaba chenye skrubu juu ya ukuta wa kibanda na kuvuta waya mpya. Balbu ya wati 21 mlingotini sasa inapata volti 12.0, upande wa hasi unapoteza 0.2 tu, na pampu inarusha maji kwa nguvu. Taa ya mlingoti, ileile niliyoambiwa niitupe, haizimiki tena. Swichi ya kibandani nimeibadilisha, na mwanga hafifu umekwisha.

Fundi wa injini amekuta klipu ya betri imelegea na betri imechoka. Kwa betri mpya volti haziendi zaidi ya 14.6 kwa kasi yoyote. Nimefanya pia kipimo cha redio, na moja ya taa mpya za sitaha inarudisha mvumo. Je, kuna la kufanya zaidi ya kuirudisha dukani?

Fundi umeme wa boti, Dar es Salaam

Hongera kwa kazi safi. Taa hiyo irudishe. Kuna vipande vya feriti (madini ya sumaku yanayomeza kelele za umeme) vya kubana juu ya waya karibu na taa, na kuzisokota pamoja nyaya zake mbili, chanya na hasi, nako hupunguza kelele, lakini hizo ni njia za kujaribu pale ambapo taa nyingine haipatikani. Utakapoweka itakayochukua nafasi yake, rudia kipimo cha redio ukiwa na taa zote zinawaka kwa pamoja, kwa sababu taa mbili ambazo kila moja peke yake ni tulivu zinaweza kujumlisha kelele zao. Kisha andika volti ulizopima leo, za kila taa na za pampu, kwenye karatasi uiweke ndani ya mlango wa kisanduku cha swichi, ili fundi atakayefuata awe na kipimo cha kulinganisha nacho.